Chai Kwanza, Mapazia Baadaye

Siku Haboba Zaituna alipokuja kwa mara ya pili kwenye nyumba ya Lubaga tulikuwepo watu saba, na nitawataja wote, maana mimi jina la mtu halinipotei. Alikuwepo Haboba mwenyewe, ambaye macho yake yalikuwa yamebakiwa na mwanga na kivuli tu. Haboba ni bibi kwa Wanubi, na sisi sote tulimwita hivyo. Alikuwepo mwanawe Mustafa, mwenye malori ya Juba, ndiye aliyeijenga ile nyumba ili mama yake aishi humo pamoja nao. Alikuwepo Sauda, mke wa Mustafa. Okello, fundi chuma wa Katwe: karakana yake na chumba cha zamani cha Haboba vilitengwa na ukuta mmoja, na kwa ujirani huo ndiye aliyemleta Mustafa kwetu. Bahati, seremala, mtu wa Bukavu aliyekuja Kampala kutembea na akasahau kuondoka. Madam Prossy Nakitende, mpambaji wa nyumba, aliyetupa kazi mimi na mafundi hao wawili. Na mimi, Letaru, mshonaji wa mapazia, mito na vitambaa vya viti.

Haboba alikuwa jikoni. Sisi wengine tulikaa sebuleni tunangoja chai. Hakuna aliyeshika simu. Magoti ya Mustafa yalikuwa yanacheza kama ya mtoto kwenye foleni ya sindano. Wajukuu, nitawaeleza kwa nini watu wazima walikaa vile kwa ajili ya kikombe cha chai, lakini lazima nianzie mbali kidogo.

Nawasikia nyinyi mnaoanza kazi hii. Mnachora nyumba kwenye kompyuta, mteja anaonyeshwa kochi lake kabla mti haujakatwa, anaigeuzageuza sebule kwa kidole. Ni jambo zuri, sikatai. Sisi tulichora kwa chaki kwenye sakafu ya karakana, na mvua ikiingia, chumba cha kulala kinaondoka na maji. Lakini mnaponikuta nimekaa hapa na vidole vyangu visivyokunjika tena mnaniuliza: Madam Prossy alifanyaje mpaka mtu akiingia kwenye nyumba aliyoipamba yeye anavua viatu mwenyewe, anakaa kama hajawahi kuishi pengine? Mimi niliishia darasa la tatu. Maneno makubwa sina. Nitawaambia nilichokiona.

Karakana yetu ilikuwa Kamwokya, nyuma ya soko, ukuta kwa ukuta na studio ya vijana wa muziki. Cherehani yangu ilikuwa inafuata ngoma zao bila mimi kutaka. Mle ndani lugha ilikuwa Kiswahili. Madam ni Muganda, lakini baba yake alikuwa polisi, naye alikulia kwenye nyumba za polisi Nsambya, kwenye Kiswahili, kama nilivyokulia mimi, binti wa Mlugbara. Okello Mwacholi, Bahati Mkongo. Kila mmoja alikuwa na Kiswahili chake na tulielewana vizuri, hasa tukigombana.

Madam alinipata kwa sababu ya pazia. Aliliona kwa jirani yangu, akaja mpaka mlangoni kwangu, salamu yenyewe ya haraka.

"Dirisha la jirani yako, nani alipima?"

Nikajua kuna kesi. "Mimi, madam."

"Ulipima kioo ama bomba la pazia?"

"Bomba. Na chini nikapima pande zote, kwa sababu aliyemwaga ile sakafu alikuwa amelewa."

Akacheka kwa pua. "Kuja Jumatatu."

Basi hilo lichukueni, halijazeeka. Pazia lipimwe kutoka kwenye bomba la kulitundikia mpaka sakafuni, kushoto, katikati na kulia, maana sakafu za mji huu zina mlima na bonde. Pamba iloweke kabla hujaikata, isije ikafupika ikiwa kwa mteja. Mahameli ipitishe kiganja: manyoya yakilala upande mmoja, vipande vyote vilale upande huo huo, la sivyo pazia moja litakuwa na rangi mbili na wewe utalilaumu jua. Na vumbi letu jekundu msilipige vita. Madam alikuwa anachagua kitambaa cha sebule huku ameshika udongo wa uani kwa mkono mwingine. Anavisogeza pamoja, anakodoa macho. "Hivi vitaishi pamoja," anasema, "heri vipatane mapema."

Malaika hakuwa. Ulimi wake ulikuwa na makali ya mkasi wangu. Anauinua mshono kwenye mwanga, ananiuliza, "Mama Letaru, huu mshono umekunywa nini?" Nilikuwa nafumua nikinung'unika Kilugbara ili asielewe. Nikiushona upya naona kile alichokuwa amekiona, na hapo ndipo nilipokuwa nakasirika zaidi.

Sasa chai. Ile desturi yake ya chai ilianza na lubugo. Lubugo ni kitambaa cha gome la mti, rangi ya kahawia, ambacho Baganda wanawafungia maiti wao. Siku hizi kinatengenezewa mikoba na vivuli vya taa, wageni wanakipenda, na kweli kinapendeza. Binti mmoja alituletea picha kwenye simu, kitanda chenye kichwa cha lubugo, akataka chumba cha baba yake kiwe vile vile. Tukafanya. Nilikitandaza juu ya sponji nikakivuta kikakaza kama ngozi ya ngoma. Mzee, Ssalongo Kizza, akaletwa kuona. Akasimama mlangoni na fimbo yake, akatazama muda mrefu.

"Banange, Prossy," akasema, "na wewe mtoto wa Kiganda. Unanilaza kwenye sanda na mimi bado nakula?"

Akalala kwenye kiti sebuleni mpaka tulipokitoa kile kitambaa.

Njiani kurudi, tulipofika Mulago kwenye foleni ya magari, ndipo Madam akafungua mdomo. "Nimepima ukuta, Mama Letaru. Mzee sikumpima."

Kuanzia hapo hakuchora hata mstari kabla hajanywa chai kwa mtu atakayeishi humo, kwenye nyumba ile anayotoka. Anaingia, anasema, "Naomba chai," halafu ananyamaza na kutazama. Mkono unakwenda wapi kutafuta sukari. Mtu akichoka anaegemea wapi. Kiti gani kizuri na hakikaliwi. Kuna mama mmoja wa Ntinda alikuwa na sebule ungeweza kufungia harusi, lakini Madam aliona kuwa mama yule kila kitu anafanyia kwenye ngazi ya mlango wa nyuma: kuchambua mboga ya dodo, kusuka watoto, kusema na simu. Nyumba mpya ilipokuja, watu walingoja sebule kubwa zaidi. Madam alimjengea ngazi ya nyuma pana, yenye paa, nami nikaishonea mito ya turubai. Mama yule mpaka leo wageni wake wa heshima anawapitisha nyuma.

Na kazi ikiisha, Madam anarudi kuomba chai ya pili, kwenye nyumba mpya. Mwenye nyumba akiitengeneza bila kumuuliza mtu kitu kiko wapi, Madam anakunywa, anashukuru, kazi imefungwa. Akiuliza, tunarudi na nyundo.

Kwa Mustafa ile chai ya kwanza ilirukwa. Mustafa alitaka mama yake asijue lolote mpaka siku ya kukabidhiwa funguo.

"Ukienda kwake atanusa," alimwambia Madam. "Mama yangu haoni, lakini siri anainusa ikiwa bado barabarani. Niulize mimi. Ni mama yangu, namjua."

Madam akamuuliza yeye, naye akajibu kama watoto wanavyojibu kuhusu wazazi wao. Akasema mama yake amebanwa miaka yote kwenye chumba kimoja Katwe, anachohitaji ni nafasi. Basi tukampa nafasi. Madam alivunja ukuta kati ya sebule na jikoni. Kuta nyeupe. Makochi katikati, mbali na kuta, kama kwenye picha. Jiko la umeme la kioo, halina kifungo hata kimoja, unaligusa kwa kidole linawaka. Mimi nilishona mapazia ya mahameli mazito, yenye kitambaa cha pili nyuma, ukiyafunga husikii gari wala jogoo. Sijawahi kushona mapazia mazuri kuliko yale.

Haboba akaletwa. Alikaa kwenye ncha ya kochi, mkoba mapajani. Sauda akamletea chai, akainywa, akashukuru kama anavyoshukuru mgeni. Alipotaka kwenda msalani aliinuka, akanyoosha mkono, mkono ukakuta hewa. Akakaa tena. Asubuhi walimkuta kwenye mkeka karibu na mlango wa kutokea, amevaa viatu.

"Mustafa mwanangu," akasema, "Mungu akubariki. Sasa nirudishe."

Akarudishwa Katwe. Majirani wa Lubaga wakasema mkwe amemfukuza. Sauda, mtoto wa watu, alikuwa hajafanya lolote. Baya zaidi, mvua zikaanza. Okello ndiye aliyetuletea habari karakana, suruali yake imelowa mpaka kiunoni.

"Maji imeingia kwa Haboba," alisema. "Mimi nabeba yeye mgongoni, naweka juu ya meza yangu ya kuchomelea. Anakaa pale kama malkia, anagombana na mimi. Anasema niende kuleta makopo yake. Mimi nasema, Haboba, maji hii inachukua watu. Yeye anasema, basi kimbia, haijachukua sukari bado."

Tulicheka, halafu tukaacha kucheka. Mwaka ule ule mtaro wa pale ulikuwa umemchukua mtu mzima mwenye macho yake mawili. Mustafa alipata habari akiwa Juba, akampigia Madam simu, nami nikasikia sauti yake ikitoka kwenye simu ile. Hakuwa anafoka. Alikuwa anasema tu, tena na tena, "Siku moja nitapigiwa simu nyingine, Madam. Siku moja nitapigiwa nyingine."

Haboba alikubali kujaribu mara moja zaidi. Lakini alimwambia mwanawe wazi: "Nikirudi tena Katwe, usinisumbue mpaka nife." Ndivyo mambo yalivyokuwa.

Madam alinichukua tukashuka Katwe. Unapita katikati ya wanaopiga sufuria, masanduku ya bati, masigiri ya makaa, milango ya geti, masikio yanaziba. Chumba cha Haboba kilikuwa pale katikati ya nyundo. Madam akavua viatu, akakaa kwenye mkeka.

"Haboba, mimi ndiye niliyeharibu ile nyumba. Naomba chai."

"Ndiyo wewe," akasema Haboba. "Nilitaka kukusikia sauti. Kaa, binti. Hapo siyo, hapo ni njia yangu."

Sasa sikilizeni. Yule mama alisimama akatengeneza chai na hakupapasa hata mara moja. Ukutani, kutoka mlangoni mpaka kitandani, alikuwa ametundika tabaga zake, vile vifuniko vya chakula ambavyo wanawake wa Kinubi wanavisuka kwa rangi nyingi. Nilidhani ni mapambo. Alipopita, ncha za vidole zilikuwa zinazigusa moja baada ya nyingine. Kila moja ina msuko wake: hii ina nundu, hii laini, hii imechanika ukingoni. Ya nundu, sigiri iko chini yake. Iliyochanika, geuka, kitanda. Kwenye rafu, kopo la majani, la tangawizi, la sukari, kila moja na kutu yake.

Madam akasema, "Naomba nifumbe macho, Haboba."

"Fumba. Ila pochi mpe mwenzako, hapa ni Katwe."

Akafumba, akainuka kutafuta kikombe, akapiga ndoo teke, akaangusha mwiko, akajikuta anashikana mkono na mimi. Haboba alicheka mpaka akakaa chini.

"Unaona," alisema alipopata pumzi. "Chumba changu nikikigusa kinanijibu. Okello akipiga nyundo, najua mlango uko wapi. Nyumba ya Mustafa ni nzuri, watu wote wananiambia. Lakini nanyoosha mkono hainijibu. Nimeiita usiku kucha hainijibu."

Madam alibaki amefumba macho. Alikunywa chai yake yote hivyo hivyo.

Kesho yake Mustafa, aliyekuwa amesharudi, aliposikia mpango akasimama juu. "Madam, unataka kunijengea Katwe juu ya Lubaga?"

"Nataka kumjengea mama yako."

"Sitaki vyuma ukutani kama wodi. Mama yangu siyo mgonjwa."

"Wageni watakuuliza nani alichonga," Madam akamjibu. "Hakuna atakayeuliza nani haoni. Nikishindwa hapo, ng'oa kila kitu."

Na hapo ndipo nilipoona ufundi wa mwanamke yule ulivyo. Alimwambia Bahati achonge mkanda wa mbao wa mvule, upite ukutani kwa urefu wa mkono wa Haboba, kutoka chumbani kwake mpaka msalani, sebuleni, jikoni. Na mkanda uchongwe kwa misuko ya tabaga zile zile: ya nundu ikikaribia jikoni, laini ikikaribia msalani. Bahati alichonga vizuri sana, akapiga vanishi mpaka ukijitazama unaona meno. Madam akafumba macho, akapitisha mkono.

"Hainiambii kitu."

"Madam," Bahati akalalamika, "sasa weye unaona na mikono? Miye nimechonga ya kuangaliwa."

"Ndiyo kosa lako. Toa vanishi."

Tukavalishwa sote kitambaa machoni, kilikuwa kipande cha bitana yangu, tukaambiwa tutembee karakana nzima. Okello alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya pasi akapiga nayo magoti. Vijana wa studio walikuja kuchungulia dirishani, wakadhani tumeingia dini mpya. Bahati alichonga upya, na safari hii alichonga amefumba macho.

Ukuta wa jikoni ukarudishwa. Makochi yakasukumwa kwenye kuta, njia katikati ikabaki wazi. Jiko la kioo likatoka, likaja la gesi lenye vifungo, na Okello akakata alama kwa tupa kwenye kifungo cha moto mdogo. Chumba cha Haboba kikahamishiwa upande ambao adhana inasikika alfajiri. Kengele za kanisa kuu zilikuwa zinasikika upande wa jikoni, na Madam akasema ziachwe hapo, zitakuwa nyundo ya Okello. Lakini mle ndani hakukuwa na kinachosikika kwa sababu ya mapazia yangu.

Aliyashika mahameli yale, akanitazama. "Mama Letaru."

"Najua," nikasema. "Usiyakunje tu kwenye mikunjo yake."

Nikashona mapya ya pamba nyepesi, yanayopitisha upepo na sauti. Na kwenye kila mlango nikatundika pazia lake: la chumbani kwa Haboba, kitambaa cha maua kama kanga anazojifunga, lenye shanga kwenye pindo. La msalani turubai tupu. La jikoni lenye vifundo vya uzi mnene chini. Ukipita na macho, unaona nyumba ya Kinubi iliyochangamka. Ukipita na mkono, unasoma. Wajukuu, mimi nimeshona maisha yangu yote, na mpaka siku ile sikujua kuwa kitambaa kinaweza kusema hapa ni wapi. Madam alilijua hilo tangu alipopiga ndoo teke.

Makopo yalitoka Katwe kama yalivyo. Sauda alikuwa amenunua ya kioo yanayofanana, yenye mifuniko ya dhahabu. Madam akamwambia kwa upole, "Hayo weka yako, nnyabo. Haya yakae hapa, kwa mpangilio huu." Sauda akaitikia.

Sasa tumerudi sebuleni, siku ile ya watu saba.

Haboba aliingia kwa miguu yake. Mlangoni alisimama, mkono ukaenda ukutani, ukakuta mbao. Akautembeza taratibu. Akafika kwenye nundu, akarudi nyuma kidogo, akaigusa tena, kama mtu anayemtazama mtu usoni akijaribu kulikumbuka jina lake. Halafu Madam, aliyekuwa amekaa, akasema, "Haboba, naomba chai."

Akaingia jikoni. Vifundo vya pazia vikagongana vikatulia.

Tukasikia maji yakimiminwa. Tukasikia gesi ikishika. Kopo la majani, lile ambalo mfuniko wake unalia. Tangawizi ikapondwa. Okello alikuwa anaitikia kwa kichwa kila hatua, kama anayesikiliza injini. Kisha mkono ukapita kwenye rafu, ukapita tena, ukapita mara ya tatu.

Nilikuwa karibu na Sauda. Alikuwa ameshika mdomo wake. "Nimelitoa," aliniambia kwa kunong'ona. "Kopo la sukari. Lina kutu, Mama Letaru, nimeona aibu mbele yenu wageni. Nimelifungia kabatini, sukari nimeitia kwenye bakuli, iko mezani hapa."

Kweli bakuli lilikuwepo, la kioo, mbele yetu.

Mustafa akaanza kuinuka. Madam akamshika mkono.

"Kaa."

"Ataomba aletewe viatu. Namjua."

"Mara ya kwanza pia ulimjua. Kaa, Mustafa."

Akakaa. Maji yalianza kuchemka, tunayasikia. Bahati alikuwa anautazama mkanda wake ukutani kama vile umemsaliti. Mimi nilikuwa najiuliza kama yale mahameli bado yanaweza kurudi, na nikajionea aibu kwa kuwaza hivyo.

Ndipo sauti ikatoka jikoni. Haikuwa ya mgeni aliyekalia ncha ya kochi. Ilikuwa ya mama anayeita watoto kutoka uani.

"Nani amehamisha sukari yangu?"

Sauda akalishika bakuli.

"Nauliza. Jikoni kwangu humu, nani amepanga upya?"

Sauda akatoka mbio na bakuli mkononi. "Mimi, Mama."

"Hiki nini?"

"Bakuli, Mama. La wageni."

"Wageni gani? Yule si Okello? Okello nimemnywesha chai mpaka ndevu zimeota. Leta kopo langu. Na kesho ukitaka kupanga kitu, unaniuliza kwanza."

"Ndiyo, Mama."

"Haya, shika vikombe hivi, usiungue."

Mustafa alikuwa amejifunika uso kwa viganja vyote viwili na mabega yalikuwa yanatikisika, nasi tukatazama kwingine, kumwachia nafasi. Okello alikuwa anacheka kimya kimya na machozi yanamtoka. Na Madam Prossy, ambaye miaka yote niliyofanya naye kazi hakuwahi kujilegeza kwa mteja, aliegemea nyuma, akasukuma kiatu kimoja kikatoka, akasukuma cha pili.

Chai ilikuja na sukari ya kuwatosha watu wa harusi. Tulikunywa yote.

Ndivyo ninavyokumbuka. Kikombe changu nasema kilikuwa cha buluu, Bahati anasema vyote vilikuwa vya kijani. Okello anadai yeye hakulia, ni moshi wa Katwe uliomfuata. Na kama niliyemweka karibu na dirisha alikaa karibu na mlango, au kama ile misuko nimeigeuza, ya nundu nikaipeleka kusiko kwake, aliyekuwepo anisahihishe, sitaona vibaya, kichwa hiki nimekitumia sana. Mkinikosa mimi, muulizeni Sauda. Haboba bado anamwita jikoni kila kitu kikisogea, kwa hiyo yeye atakuwa anakumbuka kuliko mimi.